Kabla ya Kubonyeza Katikati, Tazama Namba Imeegemea Wapi

Dada mmoja anayeandika mzigo wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ametuma picha ya skrini ya jedwali lake la Excel na maneno machache: "Nimepanga kila kitu katikati, kimependeza, lakini jumla inagoma kulingana na fedha iliyo mkononi." Ujumbe wa namna hii hauishi. Huja kutoka kwa watunza hazina wa vikoba, makarani wa vyama vya pamba, wauza vipuri wa mjini. Karibu kila anayeuliza huamini kosa liko kwenye fomula. Fomula yake ni nzima kabisa. Kilichomponza ni hicho kilichopendeza.

Ukifungua Excel mpya ukaandika bila kugusa kitufe chochote, programu inapanga yenyewe. Namba na tarehe huegemea kulia. Maneno huegemea kushoto. TRUE, FALSE na alama za makosa kama #N/A hukaa katikati. Google Sheets nayo huweka namba kulia na maneno kushoto. Hapo programu inakuambia, bila kuulizwa, imekielewaje ulichoandika. Ukichagua safu nzima na kuiweka katikati, umeiziba mdomo.

Tazama picha ya dada. Safu ya C ina bei tano, kuanzia C2 hadi C6: 85,000, 92,000, 78,000/=, 90,000 na 80,000. Kwa jicho, jumla ni 425,000. Fomula yake =SUM(C2:C6) inasema 267,000. Zimepotea 158,000, na zimepotelea kwenye seli (visanduku) mbili. Ya kwanza ni C4, yenye "/=" mwishoni. Mkono umezoea kuandika hivyo kwenye daftari, lakini kwa Excel alama hiyo inageuza seli nzima kuwa maneno, na SUM huruka maneno kwa ukimya: haitoi onyo, haitoi kosa. Ya pili ni C6. Ikuze picha uitazame kwa karibu: sifuri ya kwanza baada ya 8 ni nene na ya mviringo kuliko wenzake. Ni herufi O. Hiyo mara nyingi hutokea pale bei inaponakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu ulioandikwa kwa haraka. Kama safu isingewekwa katikati, seli hizo mbili zingekuwa zimeegemea kushoto peke yake, na kosa lingeonekana kabla ya chai ya asubuhi kupoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa mpangilio uliowekwa kwa mkono. Kwenye Excel chagua safu, kisha bonyeza tena kile kitufe cha katikati kinachoonekana kimewaka. Kikizima, seli zinarudi kwenye hali ya "General", yaani programu inaamua yenyewe. Njia nyingine ni Ctrl+1, kichupo cha Alignment, sehemu ya Horizontal, chagua General. Kwenye Google Sheets bonyeza Ctrl+\ ukiwa umechagua safu, ila ujue kwamba rangi na wino mzito vitaondoka pamoja.

Kama mistari ni mia tatu na macho yamechoka, tumia hesabu: =COUNTA(C2:C301)-COUNT(C2:C301). COUNTA huhesabu seli zote zenye kitu, COUNT huhesabu zenye namba tu. Jibu likiwa 0, safu ni safi. Likiwa 7, kuna seli saba ambazo jumla yako haizioni. Fomula hii ikae juu ya kila faili la fedha. Pale mwaloni mgawo wa wavuvi hutoka kwenye jumla hizi, na mtu aliyekesha ziwani hastahili kupunjwa kwa sababu ya alama mbili za kibodi.

Kusafisha kunategemea kilichoingia. Kwa "/=" chagua safu hiyo peke yake, Ctrl+H, andika /= kwenye nafasi ya kutafuta, acha nafasi ya kubadilisha ikiwa tupu, badilisha zote. Ukipenda alama ionekane kwenye karatasi, iweke kwenye umbo la seli badala ya kuiandika: Ctrl+1, kichupo cha Number, Custom, kisha andika #,##0"/=" hapo. Seli itaonyesha 78,000/= huku ndani ikibaki namba, na itaegemea kulia kama wenzake. Kilo ni vivyo hivyo: 0.0" kg". Herufi O iandike upya kwa mkono.

Namba inayoonekana safi lakini inang'ang'ania kushoto, tena ina pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona, imehifadhiwa kama maneno. Chagua safu, bonyeza Alt, A, E mfululizo, dirisha likifunguka bonyeza Finish bila kubadili chochote. Zote zitaruka kulia kwa pamoja. Ikibaki inayokataa, huenda ina nafasi isiyoonekana iliyonakiliwa kutoka mtandaoni, na hiyo TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, haiitoi. Tumia =VALUE(SUBSTITUTE(C4,CHAR(160),"")) kwenye safu ya pembeni, kisha nakili majibu na ubandike kama thamani tu.

Kuna kosa moja ambalo kuegemea hakulifichui. Anayeandika 90.000 kwa nukta badala ya mkato anapata namba halali, tisini. Inaegemea kulia vizuri kabisa. Itambue kwa ufupi wake: kati ya namba ndefu, ile 90 imesimama peke yake kama mtumbwi ulioachwa ufukweni.

Tarehe zinaumiza zaidi, kwa sababu nusu ya kosa inajificha. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 25/07/2025, programu inatafuta mwezi wa 25, inaukosa, inaichukua tarehe kama maneno na kuiacha kushoto. Ukiandika 07/05/2025 ukimaanisha tarehe 7 Mei, inaipokea kwa furaha kama tarehe 5 Julai na kuiweka kulia. Safu ya tarehe yenye nyingine kushoto na nyingine kulia ni dalili ya hakika ya ugonjwa huu, na zilizo kulia ndizo mbaya zaidi. Ili uuone mwezi kwa herufi, Ctrl+1, Custom, andika dd-mmm-yyyy. Tiba ni kubadilisha mipangilio ya eneo kwenye Windows iwe ya Tanzania au Uingereza, kisha kuziingiza tarehe upya kutoka kwenye daftari. Usizitengeneze moja moja kwa kukisia.

Namba za simu na za kitambulisho cha taifa ni kesi ya upande wa pili: hizo zinatakiwa kuwa maneno, kushoto. Hakuna anayejumlisha simu. Ukiandika simu kwenye seli ya kawaida, sifuri ya mwanzo inaliwa na zinabaki tarakimu tisa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hushika tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiandika zote 20 mfululizo bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi hata ukibadilisha umbo la seli baadaye. Chagua safu kabla ya kuandika, ipe umbo la Text, ndipo uanze. Pembetatu ya kijani itakayotokea hapo iache.

Data ikishakuwa safi, sasa panga. Hapa kanuni ni chache, na zinafaa kushikwa bila kubembelezwa. Majina kushoto. Namba kulia, ili mamoja yakae chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu, jicho lione bila kusoma kwamba 1,250,000 ni kubwa kuliko 850,000. Katikati waachie vitu vifupi vyenye urefu sawa: namba ya mstari, "Ndiyo" na "Hapana", daraja la samaki. Kichwa cha safu kifuate kilicho chini yake. Neno "Kilo" likiwa katikati huku kilo zenyewe ziko kulia, msomaji anatafuta kichwa ni cha safu ipi.

Kulia peke yake hakutoshi kwenye desimali. Ukiandika kilo za sangara 12.5, 8 na 10.25 katika hali ya kawaida, nukta hazikai mstari mmoja, na 8 inaonekana kama iko chini ya desimali. Zipe zote umbo moja, 0.00, na nukta zitasimama wima. Hili ni la lazima kwenye mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), ambako gramu chache tu ni fedha ya kuonekana. Kwa shilingi hakuna haja ya desimali: Ctrl+Shift+1 inaleta mikato ya maelfu na desimali mbili, kisha Alt, H, 9 mara mbili inaziondoa.

Wengine hubonyeza kitufe cha fedha cha Accounting halafu wanashangaa mbona namba haisogei wakibonyeza katikati. Umbo hilo hujaza nafasi yote ya seli, alama ya fedha ukingo wa kushoto na namba ukingo wa kulia, kwa hiyo hakuna pa kusogea. Ukitaka uhuru wa kupanga, tumia #,##0.

Safu ya namba ikikaa jirani na safu ya maneno, namba iliyo kulia inagusana na neno lililo kushoto, na kwenye karatasi unasoma "45Sato". Usiongeze nafasi kwa kibodi. Weka namba kulia kwanza, kisha Ctrl+1, Alignment, na kwenye Indent andika 1. Namba itarudi nyuma kidogo kutoka ukingoni. Lile la kubonyeza kitufe kirefu cha nafasi ili jina lisogee ndani ndilo linaloua ripoti nyingi: "  Sangara" na "Sangara" kwa SUMIF (fomula ya kujumlisha kwa sharti) na VLOOKUP (ya kutafuta kwenye jedwali) ni vitu viwili tofauti, na samaki wako wanagawanyika makundi mawili bila taarifa. Alt, H, 6 husogeza ndani, Alt, H, 5 hurudisha. Zilizokwisha kuharibika zisafishe kwa TRIM.

Kuunganisha seli ndiko kunakostahili maneno makali. Kitufe cha "Merge & Center" hubakiza kilicho kwenye seli ya juu kushoto na kufuta vingine. Ukiunganisha mistari sita ili "Ukerewe" likae katikati yake, ukichuja Ukerewe utaona mstari mmoja, kwa kuwa mitano iliyobaki haina kitu ndani. Ukijaribu kupanga kwa ukubwa, Excel inakataa na kudai seli zote zilizounganishwa ziwe na ukubwa sawa. Kwa kichwa cha juu ya jedwali kuna njia safi: andika kichwa A1, chagua A1 hadi F1 nyingine zikiwa tupu, Ctrl+1, Alignment, Horizontal, "Center Across Selection". Inaonekana vilevile na hakuna seli iliyounganishwa.

Kama umerithi faili lililokwisha kuunganishwa, chagua safu, bonyeza tena kitufe cha kuunganisha ili zitengane, kisha Ctrl+G, Special, Blanks, OK. Seli tupu zote zikiwa zimechaguliwa andika =, bonyeza mshale wa juu, halafu Ctrl+Enter. Kila pengo litajazwa na jina lililo juu yake. Nakili safu, kisha Ctrl+Alt+V, V, Enter, ili fomula zigeuke kuwa maneno ya kudumu.

Maelezo marefu yasiachwe yamwagikie seli ya jirani, kwa kuwa jirani akipata kitu maneno yanakatika. Bonyeza Wrap Text yajikunje ndani. Mstari usipopanuka, kuna mtu aliuwekea kimo kwa mkono: bofya mara mbili mpaka wa chini wa namba ya mstari. Kisha weka mstari wote juu kwa Alt, H, A, T, la sivyo maelezo yanaanzia juu huku bei imezama chini.

Onyo kwa waliozoea Word: Ctrl+L, Ctrl+E na Ctrl+R si za kupanga kwenye Excel. Ctrl+R hunakili seli ya kushoto juu ya uliyoichagua, na bei yako inafutika hapohapo. Ikitokea, Ctrl+Z mara moja. Kwenye Excel tumia Alt, H, A kisha L, C au R. Kwenye Google Sheets ni Ctrl+Shift pamoja na L, E au R.

Dada wa Mwaloni, kwa faili lako anza hivi: zima katikati kwenye safu ya C, toa "/=" kwenye C4, andika upya 80,000 kwenye C6, kisha hakiki kwa COUNTA na COUNT mpaka isome 0. Jumla ikishafika 425,000, weka safu kulia pamoja na kichwa chake, Indent 1, mstari wa jumla kwa wino mzito, ndipo uchapishe.