Barua kwa mwanangu juu ya utafiti wa mudogo wako

Mwanangu,

Vokali yako nimeisikiliza jana usiku, rezo ilikuwa inakatika-katika lakini nimekuelewa. Unauliza mudogo wako anatafuta nini kwenye mambo ya utafiti kila jumamosi wakati yuko ya tano biokimia ku sekondari na mwaka kesho ni Exetat, ule mutihani wa Leta wa kumaliza sekondari, na wewe njo unalipa minervali ya masomo kutoka huko Lubumbashi, na utafiti unavyojua ni kazi ya watu wa iniversite. Ni haki yako kuuliza, feza inatoka ku jasho yako. Jibu langu ni muache aendelee, na nitakuelezea muzuri juu mimi maisha yangu yote niko ku labo, hii kitu naijua.

Kwanza ujue wanafanya nini. Unakumbuka huku Bukavu kipindupindu ikianza kusumbua wanaweka watu pale watu wanachota maji, wanatia klori ndani ya bidoni. OMS, lile shirika la afya la dunia, inasema baada ya dakika 30 inafaa ibakie angalau miligrama 0,5 ya klori kwa litre, na hata saa ya kunywa isishuke chini ya 0,2. Sasa mudogo wako na wenzake wakajiuliza: ile klori ya asubui, mangaribi ingali ndani ya bidoni? Basi. Swali ndogo ya watoto, lakini mimi mwenyewe miaka yote nimepima maji ku chanzo sijawai kufuata bidoni mupaka ku nyumba ya mutu.

Mwalimu wao wa kemia akapata vidonge vya DPD, vyenye kupima klori. Unachukua mililita 10 za maji, unavunja kidonge ndani, maji inageuka roze, unalinganisha ile rangi na karata yenye kuwa na namba. Roze ya nguvu, klori ni mingi. Ikibakia nyeupe, hamuna kitu. Wanapita ku nyumba zilezile asubui, saa sita na mangaribi, wanaandika ku kaye: saa, bidoni imefunikwa ao hapana, imekaa ku jua ao ndani, imeoshwa lini. Na ni kweli, bidoni chafu yenye kukaa wazi klori inatoka mbio, juu inakula ule uchafu na jua inaimaliza.

Lakini kuna jambo moja lilinifurahisha kuliko yote. Bidoni moja saa sita ilikuwa karibu nyeupe, mangaribi wakarudi wakaikuta roze ya nguvu, kushinda hata ya asubui. Haiwezekani, klori haijizalishe. Mwenzake mumoja akasema tuifute ile namba tuweke ingine yenye kufanana na zile za jirani, nani atajua. Mudogo wako akakataa. Wakarudi kwa ule mama kumuuliza kwa heshima, wakamukuta aliogopa mutoto wake asiharishe akaongeza kidonge kingine cha klori kiisha chakula ya mchana. Ile namba ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, ni wao njo walikosa habari. Alivyonielezea ile siku akiosha masahani alikuwa anaongea mbio-mbio, kumunyamazisha haiwezekani, na masomo haijawai kumuwasha vile. Ku klasi anaandika yenye mwalimu amesema, ku interro anarudisha ileile. Hapa hakuna mutu mwenye jibu mbele yake, hata mwalimu hana, inabidi yeye aitafute na kiisha aseme "nimejuaje?" na kama hana kipimo anyamaze.

Na usiseme ni mambo ya wakubwa. Erasto Mpemba wa Tanzania mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ku Magamba, walikuwa wanatengeneza aiskrimu, friza inajaa, akaweka maziwa yake ingali moto, ikaganda mbele ya ile ya mwenzake yenye haikuchemshwa. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Yeye hakuachilia. Akiwa ku masomo ya Mkwawa, Iringa, akaja mwalimu wa fizike wa iniversite ya Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akamuuliza mbele ya watu, wenzake wakacheka, lakini Osborne alirudi Dar akaomba wapime, na 1969 wakatoa makala pamoja ku gazeti ya fizike. Mupaka leo wataalamu wanabishana, mwaka 2016 kuna wenye walipima kule Uingereza wakasema hawakuiona ile kitu. Kwangu haina shida. Mutoto wa sekondari aliuliza swali, na watu wenye madiploma bado wanafungua friza juu yake.

Sasa nikuulize na wewe. Unakumbuka TFC yako, ile kazi ya kuandika ya kumaliza grade ku iniversite? Ulifika ya tatu grade hujawai kuandika hata ukurasa moja yenye kutoka ku kichwa yako, usiku haulali, na wenzako wengine walienda ku siberi, pale pa intaneti ya kulipa, kunakili za watu mwanzo mpaka mwisho. Sikulaumu, hakuna mwenye alikufundisha mbele. Huyu anaanza na miaka kumi na sita, tayari anajua kuandika "tulifanya hivi, tukaona hivi, hapa hatuna hakika", na hiyo itamusaidia hata ku dissertation ya orosesho, ile sehemu ya Exetat yenye inatangulia, juu pale maitem za kuchagua A ao B haziko, ni kuandika na kupanga mawazo. Tena ameona kazi ya labo kwa macho yake. Kama haimupendeze, heri ajue leo kuliko ukiisha kulipa miaka mitatu ya fakilte.

Kitu kimoja nitakusikiliza: hesabu yake imeshuka kidogo, kwa hiyo nimemwambia utafiti ni jumamosi tu, siku zingine ni masomo, na tukifika mwezi wa pili ya mwaka wa sita kaye ya bidoni inafungwa mupaka Exetat ipite. Na ile habari aliona ku intaneti ya watu wa inje wenye kuomba dola nyingi kwa kumusaidia mwanafunzi wa sekondari atoe makala, hapo nimekataa kabisa. Karatasi yenye jina lake sihitaji kuinunua. Afadhali aende kusoma matokeo mbele ya wale wamama wenye walifungua milango yao, awaambie bidoni zioshwe na zifunikwe, nimeshaongea na prefe atupe klasi moja siku ya muungano wa wazazi.

Vidonge vya DPD vinaisha, mwalimu amenunua na feza yake mwenyewe na mimi nasikia haya. Ukipata kitu tuma, hata kidogo. Na ile kompyuta yako ya zamani kama hujaiuza, mupe mutu mwenye anakuja huku, wanajaza namba ku karatasi na inawachosha.

Mama yako