Dawa ileile, watu wawili
Dada wa Igoma, unauliza kwa nini haloperidoli, dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo), ilimtuliza mtoto wa jirani, lakini mdogo wako, wiki ya tatu sasa, bado anasikia sauti. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa cha kukuambia mapema dawa itamfaa nani. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti wa kompyuta zilizofundishwa kutabiri hilo: kwa wagonjwa wa jaribio lilelile la dawa zilikojifunzia zilipatia, kwa wa majaribio mengine ikawa kama kurusha shilingi.

Tazama wiki mbili za kwanza. Kama hakuna nafuu hata kidogo, mara nyingi haitakuja kubwa baadaye, kwa hiyo rudini kliniki. Na hakikisheni anameza kweli. Kaka yangu alikuwa anaficha vidonge chini ya godoro! Haloperidoli ilimtetemesha mikono mpaka akashindwa kuwapimia wateja dagaa pale mwaloni Kirumba. Akahamishiwa olanzapini: mikono ikatulia, kitambi kikaota.

Karibu theluthi moja ya wenye skizofrenia hawapati nafuu ya kutosha hata wakijaribu dawa mbili, moja baada ya nyingine. Hapo mwulize daktari kuhusu klozapini, ila inadai kupima chembe nyeupe za damu mara kwa mara. Msimkatishe dawa ghafla.