Jibu: Besakih si hekalu moja

Ndugu, umeuliza kama Besakih, kule kisiwa cha Bali, Indonesia, ni hekalu moja au mengi. Ni mengi, yamepangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko wa Mlima Agung. Kuu kati yao ni Penataran Agung, lenye viti vitatu vya ibada vya miungu ya Kihindu: cha Shiva katikati, vya Brahma na Vishnu ubavuni.

Mwaka 1963, wakati wa sherehe ya Eka Dasa Rudra inayofanywa mara moja kila miaka 100, mlima ulilipuka. Watu zaidi ya 1,000 walifariki, lakini lava ilipita kando ya mahekalu. Wabali wengi wanaona ni ishara ya miungu. Sherehe ilirudiwa mwaka 1979. Ukienda, jifunge saruni kwa heshima.