Nyumba yenye eneo: nendeni mvua ikinyesha

Dada, pole sana. Watoto wanne, wa tano njiani, vyumba viwili vya kupanga Mbagala, na miezi saba ya kuzungushwa na madalali mkitafuta nyumba yenye eneo huko Chanika: lazima mchoke. Ila uchovu huo ndio unaoponza watu.

Sisi tulinunua kiangazi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya mpaka chini, tukaona wenyewe ni watu nadhifu. Masika yakaja, maji yakaingia hadi magotini. Rangi ilipobanduka ndipo tukauona mstari wa tope la zamani, usawa wa kitasa cha mlango. Nililia siku ile. Kwa hiyo, kwenye hiyo nyumba mliyoipenda, shemeji arudi mvua ikinyesha, bila dalali. Amuulize mama wa genge la jirani maji hupita wapi, na kama kuna ugomvi wa mpaka.

Kopi ya hati isiwaridhishe. Chukueni namba ya kiwanja na kitalu, mkaombe upekuzi ofisi ya ardhi, yaani waangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani, kabla ya kutoa hata senti. Muuzaji akiwa na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya huyo mke kuuza nyumba ya familia. Naye asaini mbele ya wakili. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hautoshi.

Na wewe usijilazimishe kuhama kabla ya kujifungua. Jifungulie hapo hapo Mbagala, karibu na kliniki uliyoizoea.