Nimepewa dawa za sukari, sijaambiwa nirudi lini

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, miaka 46. Miezi mitano iliyopita nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikasoma 13.8. Kesho yake 13.1. Dokta akaniandikia metformin kutwa mara mbili, akasema nipunguze wanga, basi. Kwenye daftari hakuandika tarehe ya kurudi. Vidonge vilipoisha nikawa najinunulia duka la dawa. Vinanivuruga tumbo, siku nyingine naruka. Siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano ni shida, nataka kununua miwani. Naogopa nikirudi nitagombezwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukigombezwa, vumilia. Rudi.

Miwani kwanza, maana hapo utapoteza hela. Sukari ikiwa juu hubadilisha lenzi ya jicho, na ikishuka jicho hubadilika tena. Miwani ya leo huenda mwezi ujao isikufae. Subiri sukari itulie wiki kadhaa. Ila uchunguzi wa nyuma ya jicho hausubiri: kwa kisukari cha aina ya pili hufanywa mara tu mtu anapogundulika, kisha kwa kawaida kila mwaka. Utatiwa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo usiahidi gauni la bibi harusi.

Tumbo kuvurugika ni kawaida ya metformin, hasa mwanzoni. Imeze pamoja na chakula, si kwa chai kavu. Ikigoma, mwambie dokta: anaweza kupunguza dozi na kuipandisha taratibu, au kukupa ile inayoyeyuka polepole. Usiruke kimya kimya. Akikuta sukari iko juu na hajui unaruka, atadhani dawa haikutoshi na kukuongezea nyingine.

Nimekaa kliniki ya kisukari miaka mingi. Wagonjwa walikuja na madaftari matupu, na dokta mwenye foleni ndefu nje huandika “aendelee na dawa”, anaita mwingine. Mwenye namba za sukari daftarini ndiye aliyezungumzwa naye. Basi wiki mbili kabla ya kwenda, andika tarehe, sukari ya asubuhi na vidonge ulivyoruka. Kama huna mashine, pima zahanati hata mara mbili kwa wiki. Watu wazima wengi hulenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula. Dokta atakwambia yako.

Omba kipimo cha damu cha HbA1c kwa jina lake. Inaonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu, kwa hiyo haidanganywi na mtu aliyefunga kula wali siku mbili kabla ya kliniki (nimewaona wengi). Hupimwa kila miezi mitatu mpaka sukari itulie, kisha mara mbili kwa mwaka. Uliza pia kipimo cha protini kwenye mkojo, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na cha mafuta ya damu. Presha ipimwe kila ukienda.

Halafu miguu. Ninyi mafundi wengi hukanyaga pedali peku, na sakafu imejaa pini. Nimewahi kumtoa mtu sindano iliyovunjikia unyayoni. Hakujua iliingia lini, maana sukari ilishamtia ganzi miguuni. Ukiingia kwa dokta vua viatu kabla hujaambiwa. Akugusishe ule uzi mgumu wa plastiki unyayoni huku umefumba macho, useme unapousikia.

Usinyanyuke kitini kabla hujauliza: “Dokta, nirudi tarehe ngapi, na siku hiyo nitapimwa nini?” Msogezee daftari aandike mwenyewe. Kliniki nyingi za kisukari zina siku yake katika wiki, ulizia mapokezi.

Na kesho, kabla ya kukalia cherehani, fagia pini na uvae viatu vya kufunika vidole.