Desktopu ya mtumba inajizima: kabla hujaiuza, ifungue kwanza

Mkuu, umesema una Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile keisi kubwa ya kusimama, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB, diski ya kizamani ya kuzunguka. Uko Nkuhungu, inachukua dakika tano kuwaka, na ukiingia kwenye gemu inajizima. Fundi kakwambia uiuze, na wewe umetenga laki mbili za kadi ya grafiki. Usiiuze, na kadi iache kwanza. Mashine kama hiyo ninayo tangu 2019, hapa hapa Dodoma, na karibu kila kitu ndani yake nimekibadilisha kwa mkono wangu.

Anza na vumbi. Kiangazi cha huku unakijua: upepo unapiga, ardhi imekauka, na feni inavuta hewa hiyo mchana kutwa. Yangu ilipoanza kujizima nilidhani prosesa imekufa. Nikafungua kava la pembeni, nikang'oa feni ya prosesa, na zile bati nyembamba za kupoozea hazikuonekana kabisa. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na manyoya ya zulia mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Nilipolivuta lilitoka zima, upande wa chini limechorwa mistari ya zile bati. Pesti inayokaa kati ya prosesa na bati ilikuwa imekauka. Ukiikwangua kwa ukucha inadondoka unga kama chokaa. Kabla ya hapo nikicheza gemu joto lilifika nyuzi 98. Prosesa hizi zikigusa 100 zinapunguza kasi zenyewe, na joto likizidi mashine inazima ili isiungue. Nilipiga brashi laini ya rangi, nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya kunde. Gemu lile lile, chumba kile kile, nyuzi 66.

Ukitumia blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke. Na hewa yetu ni kavu: usiku ukivua sweta unasikia linalialia na kutoa cheche. Cheche ya namna hiyo, hata ndogo usiyoiona, inaweza kuua RAM. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma cha keisi ndipo uguse chochote ndani.

Ukishasafisha na bado inajizima, angalia umeme. Nilipokuwa nimepanga Chang'ombe, jirani alikuwa na mashine ya kusaga. Ilichukua wiki mbili kugundua kwamba kompyuta inajizima saa ile ile anapowasha mota: taa inafifia kidogo, kompyuta inaanza upya. UPS (boksi la betri linaloshikilia umeme ukiyumba) ya 650VA ikamaliza tatizo. Ila 650VA si wati 650. Nyingi za saizi hiyo zinatoa kati ya wati 360 na 390, basi usichomeke na printa ya leza humo.

Sasa hela yako. Ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, tena mapema kuliko RAM. Diski ya kuzunguka inasoma megabaiti mia moja na kitu kwa sekunde inapokuwa na nafasi nzuri, na mafaili yakiwa madogo madogo yametawanyika inashuka vibaya sana. SSD ya SATA, yaani yenye plagi kama ya diski yako, inafika kama 550. Yangu kabla ya hapo nilikuwa naiwasha naenda kuchemsha chai. Siku nilipofunga SSD ya 240GB iliyoletwa kwa basi kutoka Kariakoo, iliwaka kabla sijavuta kiti. Chukua ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA. Ile nyembamba ya M.2 mashine yako haina tundu lake. Diski ya zamani ibaki ndani kwa picha na muziki.

RAM ya mashine hii ni aina ya DDR3, ile ndefu ya desktopu. Nunua mbili za 4GB zinazofanana badala ya moja ya 8GB, kwa sababu grafiki ya ndani ya Intel inaazima RAM hiyo hiyo, na zikiwa mbili inapata njia mbili za kupitisha data.

Kadi ndiyo ilinitoa machozi. Nilinunua moja ya mtumba inayodai plagi ya umeme ya pini 6, pawa saplai yangu (boksi linalogawa umeme ndani ya keisi) ya wati 290 haina. Nikatafuta adapta ya kutoka SATA. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki, plagi imeyeyuka. Waya wa SATA unabeba kama wati 54, pini 6 inaruhusiwa 75. Kadi haikurudishiwa hela. Baadaye nikapata kadi ya GTX 1050 Ti isiyo na plagi ya ziada, inayokula umeme wote kwenye tundu lake la mazabodi (ubao mkuu), na mpaka leo inafanya kazi. Kuwa makini, zipo 1050 Ti zenye tundu la pini 6.

Kuhusu Windows: Windows 10 ilikoma kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. Mimi nimehamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kazi za chuo na video zinaenda vizuri, ila gemu baadhi za mtandaoni hazikubali, kwa hiyo angalia zako kwanza.

Ukifungua, piga picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai uiweke hapa. Kama pesti huna, mimi ninayo imebaki nusu, nipo Ipagala, njoo Jumamosi na mashine tuifungue pamoja.