Ana paswedi yangu, ndo kashaingia?

SWALI: Kaka habari za kazi. Juzi nimepata imeili, pale kwenye kichwa kaandika paswedi yangu, ile ile herufi kwa herufi, nusura simu inidondoke. Anasema kaingia kwenye laptopu yangu kanirekodi kwa kamera nikiangalia mambo ya aibu, nimtumie bitcoin ndani ya saa 48 la sivyo anawarushia ndugu zangu wote. Kamera nimeshaibandika plasta lakini usingizi sipati. Nimlipe? Au nimjibu nimtukane roho itulie?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Pole dada, usilipe hata senti. Video hana, angekuwa nayo angekuonjesha kipande. Huyo ni ndugu yake na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anarusha meseji moja kwa maelfu ya watu halafu anasubiri atakayeshtuka.

Sasa paswedi kaitoa wapi. Kuna mahali ulifungua akaunti miaka hiyo, wao ndo wakaibiwa, sio wewe. LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, waliibiwa 2012, watu wakasahau kabisa, kufika 2016 data za akaunti zaidi ya milioni 160 zikawa zinauzwa mtandaoni, na Canva, wale wa kutengenezea picha na mabango, nao yakawakuta 2019. Ingia haveibeenpwned.com, ni ya bure, aliianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, unaandika imeili yako tu basi (paswedi ya imeili usimpe mtu wala tovuti yoyote inayojidai inakukagulia), itakutajia ulivujia wapi, lini na kilichovuja ni nini. Ukijikuta humo haina maana kuna mtu yumo ndani sasa hivi, na usipojikuta usijipigie makofi, wizi mwingine haujulikani bado.

Kujua kama kaingia kweli unaangalia kwenye akaunti yenyewe. Kama ni Gmail nenda akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utaona vifaa vyote vilivyoingia, ukiona usichokijua kitoe. Halafu hapa ndo wengi wanapigwa: fungua Gmail kwa kompyuta, kwenye mipangilio angalia kama kuna anwani ngeni inayotumiwa kopi ya barua zako au filta (amri ya kupanga au kupeleka barua zenyewe) hukuiweka wewe, maana mwizi akishaitega hiyo unabadili paswedi unajiona umemaliza, kumbe barua bado zinamfikia. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti nayo hakikisha ni yako.

Ndo ubadili paswedi, uanze na imeili, kwa sababu kwingine kote ukibofya "nimesahau" linki inakuja huko huko. Na kila akaunti na yake, hiyo ya kutumia moja Facebook, Instagram na imeili ndo iliyokufikisha hapa, najua unafanya hivyo wote tunafanya. Weka uhakiki wa hatua mbili, yaani ukiingia unaombwa paswedi na namba ya siri ya mara moja, bora namba hiyo itoke kwenye programu ya simuni kuliko kwa meseji, maana wapo wanaorinyu laini za watu na meseji zikawafikia wao. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. WhatsApp nayo angalia vifaa vilivyounganishwa na uweke pini ya tarakimu 6.

Kumtukana hapana, ukijibu tu anajua imeili hii ina mtu anayeisoma. Iripoti kama spamu uifute. Plasta iache hapo hapo, mimi mwenyewe ninayo.